Mlinzi Asiyelala: Hotuba Juu ya Kukitunza King'ora cha Moshi Nyumbani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:



Katika zama za Mtume palikuwa na nyumba moja mjini Madina iliyoungua usiku, hali wenyewe wamo ndani. Habari ilipomfikia Mtume hakutosheka na kuwasikitikia waliopatwa na msiba. Aliwafahamisha masahaba kwamba moto huu ni adui wa mwanadamu, akawaamrisha wauzime kabla ya kulala. Habari hiyo imepokewa na Abu Musa al-Ash'ari, nayo imo katika Sahihi mbili, ya Imamu Bukhari na ya Imamu Muslim. Na katika mapokezi ya Jabir bin Abdillah sababu imetajwa waziwazi: huenda panya akaukokota utambi wa taa, akawaunguza watu wa nyumba.

Yafaa kuizingatia hekima iliyo katika maneno hayo. Msiba ulitoka kwa Mwenyezi Mungu, na hilo hapana Muislamu asiyeliamini. Walakini sababu ya moto wa namna hiyo ilitajwa, nayo ni kitu kidogo kabisa, panya na utambi, na dawa yake ikawa ni kitu kidogo vile vile, kuzima taa. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakukumwondolea mja wajibu wa kumfunga ngamia wake. Basi anayesema, "Ajali haina kinga," kisha akalala na kibatari kinawaka juu ya mkeka, hakutegemea, amepuuza.

Leo taa za utambi zimepungua, lakini adui ni yule yule, na saa yake ni ile ile ya usingizi. Watu wengi hudhani kwamba moto ukizuka usiku harufu ya moshi itawaamsha. Dhana hiyo ni ya hatari. Pua ya mtu aliyelala nayo imelala. Tena ndani ya moshi mna hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humzidishia mtu usingizi mpaka usingizi huo ukawa wa mwisho. Ndiyo maana wengi katika wanaokufa kwa moto wa nyumba hawafi kwa mwali wa moto. Hufa kwa moshi, wengine wao wakiwa bado vitandani, na mwali haujawafikia. Pua hulala, lakini sikio husikia. Juu ya jambo hili moja ndipo kilipojengwa kifaa kinachozungumzwa katika hotuba hii, yaani king'ora cha moshi.

Huenda msikilizaji wa Nakivale akauliza: hotuba hii ni ya nani? Nyumba za makazi yale aghalabu ni za udongo na mabati, nyingine zimefunikwa turubali, na king'ora cha moshi hakionekani kwenye dari, kwa kuwa hata dari yenyewe haipo. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba hotuba hii ni ya watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale waliosafiri na wale wenye jamaa waliosafiri. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakatangulia, kisha wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waeritrea na wengineo. Katika hao wapo waliohamishiwa Marekani, Kanada, na nchi za Ulaya. Huko hukuta darini kisahani cheupe chenye taa ndogo, wasijue ni kitu gani, na simu ya kwanza wanayopiga Nakivale hutaja kwamba nyumba ina kitu kinacholia usiku kama kifaranga. Wa pili ni watu wa mji wa Mbarara, uliopandishwa cheo kuwa jiji mwaka 2020, ambako majengo ya ghorofa, hoteli, mabweni ya wanafunzi na nyumba za kupanga zenye umeme vimezidi, na vifaa hivyo vimeanza kuwekwa. Wa tatu ni wale wasio nacho, ambao wana haja ya kujua la kufanya badala yake. Na hao watatajwa mwishoni, si kwa kuwa ni wadogo, bali kwa kuwa kazi yao ndiyo kubwa.

Yafaa kwanza kujua kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwani mtu hakitunzi asichokifahamu. Viko vya namna mbili. Namna ya kwanza ina chembe ndogo mno ya madini yaitwayo amerisiamu. Madini hayo huifanya hewa iliyo ndani ya kifaa ipitishe mkondo dhaifu wa umeme. Moshi ukiingia, mkondo hupungua, na king'ora hulia. Namna ya pili ina mwale wa taa ndani ya kijumba cheusi. Moshi ukiingia huutawanya mwale huo, ukaanguka juu ya jicho la kifaa, na king'ora hulia. Ile ya kwanza hupesi kuuona moto wenye ndimi kali, kama wa karatasi. Ile ya pili hupesi kuuona moto unaofukuta polepole, kama wa godoro lililoangukiwa na kaa au sigara. Asili ya uvumbuzi huu ni mtaalamu wa Uswisi, Walter Jaeger, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa akitafuta chombo cha kutambua gesi ya sumu. Gesi hiyo hakuipata, lakini chombo chake kiliutambua moshi wa sigara.

Yule mwenye kuogopa madini hayo na asiogope. Ni kidogo sana, nayo hayamdhuru mtu maadamu kifaa hakikuvunjwa. Haifai kukifungua, wala kuwapa watoto wakichezee, wala kukitia motoni kinapochakaa.

Nchini Marekani, kwa hesabu za chama cha taifa hilo cha kujikinga na moto, karibu watu watatu katika kila watano wanaokufa kwa moto wa nyumba hufia katika nyumba zisizo na king'ora, au zenye king'ora kisichofanya kazi. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito: kisichofanya kazi. Kifaa kipo darini, wenye nyumba wamelala kwa utulivu wakijua wana mlinzi, na kumbe mlinzi amekufa zamani. Mwenye nyumba asiye na mlinzi hulala kwa tahadhari. Mwenye mlinzi aliyekufa hulala kwa kughurika.

Basi wajibu wa kukitunza kifaa hiki ni minne, nayo yote ni mepesi.

Wajibu wa kwanza ni kukijaribu. Juu ya kifaa pana kitufe. Kibonyezwe mara moja kila mwezi mpaka king'ora kilie kwa nguvu. Muislamu hana haja ya kalenda kwa jambo hili: kila mwezi unapoandama, king'ora kijaribiwe. Tena kijaribiwe watoto wakiwa macho, ili waijue sauti yake na wafahamu maana yake, wasije wakajificha chini ya kitanda siku itakapolia kweli.

Wajibu wa pili ni kukilisha. Chakula chake ni betri. Betri ikikaribia kwisha, kifaa hulia mlio mfupi mmoja, kisha kikanyamaza kiasi cha dakika moja, kisha kikalia tena. Huyo ndiye kifaranga wa usiku. Halii kwa kuharibika, analia njaa. Lakini watu wengi wanapomsikia huchukua kiti, wakapanda, wakaitoa betri, wakamnyamazisha, wakarudi kulala. Na asubuhi wakasahau. Dawa si hiyo. Dawa ni betri mpya. Kwa vile vifaa vya betri ya kubadilishwa, betri ibadilishwe kila mwaka hata kama mlio huo haujasikika. Na mwenye kutaka alama ya kukumbuka, basi mwandamo wa Ramadhani watosha, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, wala betri haitachelewa. Viko pia vifaa vilivyofungwa vyenye betri ya kudumu miaka 10, ambavyo havifunguliwi, na vingine vilivyounganishwa na umeme wa nyumba. Hivi vya umeme navyo aghalabu vina betri ya akiba, na betri hiyo isipotazamwa, siku umeme utakapokatika mlinzi naye ataondoka.

Wajibu wa tatu ni kukisafisha. Vumbi la Ankole wakati wa kiangazi halihitaji maelezo. Vumbi likijaa ndani ya kifaa, na wadudu wadogo na utando wa buibui, ama kitalia pasipo moto, ama hakitalia penye moto. Basi kipanguswe kwa burashi laini au kitambaa kikavu. Kisipakwe rangi wakati nyumba inapopakwa, kwani rangi huziba matundu ambamo moshi huingia.

Wajibu wa nne ni kukistaafisha. Kifaa hiki hakidumu milele. Kikitimiza miaka 10 tangu kilipotengenezwa, kitolewe na kuwekwa kipya, hata kama kitufe chake kikibonyezwa kinalia. Ajabu ni kwamba madini yaliyo ndani yangali na nguvu, maana nusu ya nguvu zake haiishi mpaka ipite miaka zaidi ya 400. Lakini vile vipande vya umeme vilivyobaki ndivyo vinavyozeeka. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa mgongoni mwa kifaa, na mpangaji anayeingia nyumba mpya yampasa aitazame siku ya kwanza.

Iko sababu nyingine inayowafanya watu waitoe betri, nayo yafaa isemwe bila haya, kwa kuwa iko katika nyumba za Waislamu. Ni udi na ubani. Jioni ya Alhamisi, au wageni wanapokuja, chetezo hutiwa makaa na nyumba hufukizwa. Na Wasomali wana unsi wao, ambao bila huo nyumba haijatimia. King'ora hakijui tofauti ya moshi wa udi na moshi wa godoro. Hulia. Kadhalika hulia mafuta ya sambusa yanapounguzwa. Mwenye nyumba huona aibu mbele ya wageni, huing'oa betri, na mlinzi huuawa kwa kosa la kufanya kazi yake. Njia iliyo bora ni kukiweka chetezo karibu na dirisha lililofunguliwa, mbali na kifaa. Kukiweka kifaa chenyewe kiasi cha mita tatu au zaidi kutoka jikoni. Na kikilia pasipo hatari, kupunga hewa kwa nguo, au kubonyeza kitufe cha kukinyamazisha kwa muda kama kinacho. Mahali pake ni darini, kwa kuwa moshi hupanda, ndani ya kila chumba cha kulala na nje yake, na katika kila ghorofa.

Mambo haya si madogo, na mfano wake ulionekana mjini New York, mtaa wa Bronx, tarehe 9 Januari 2022. Katika jengo la ghorofa 19, ambamo waliishi jamaa wengi Waislamu waliotoka Gambia na nchi nyingine za Afrika Magharibi, heta ya umeme iliyowashwa kwa ajili ya baridi ilizua moto katika chumba cha kulala. Moto wenyewe haukwenda mbali. Lakini mlango wa nyumba ile ulibaki wazi baada ya wenyewe kukimbia, ilhali ilipasa ujifunge, na mlango wa ngazi huko juu nao ukawa wazi. Moshi ukaingia ngazini, ukapanda kama unaopanda dohani. Walikufa watu 17, na 8 kati yao walikuwa watoto, nao wote waliuawa na moshi. Wakazi walieleza kwamba ving'ora vya jengo lile vilikuwa vikilia mara kwa mara pasipo moto, hata watu wakavizoea. Na asubuhi ile, viliposikika, wako waliodhani ni desturi yake. Maiti ziliswaliwa pamoja, na barabara ikajaa waombolezaji.

Katika msiba ule mna mafunzo mawili. La kwanza: king'ora kinacholia ovyo ni hatari kama king'ora kilichonyamaza, kwa kuwa huwafundisha watu kutosikia. Basi kinacholia ovyo kisafishwe, kihamishwe au kibadilishwe, kisizoewe. La pili: anayeukimbia moto na aufunge mlango nyuma yake. Mlango uliofungwa huuzuia moshi kwa dakika nyingi, na dakika hizo ni umri wa jirani.

Kinyume cha msiba huo ni habari ya London. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulianza katika jengo la Grenfell kutokana na friji, na mwenye nyumba ile aliamshwa na king'ora cha moshi. Aliwaita zimamoto, akawagongea majirani wa ghorofa yake. Jengo lenyewe liliwaka kwa sababu nyingine zilizochunguzwa kwa miaka, na watu 72 wakapoteza maisha. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Waislamu waliokuwa macho usiku ule walikuwa miongoni mwa waliowaamsha wenzao. Kifaa kiliamsha mmoja. Majirani wakaamsha wengi.

Hata hivyo kifaa hiki kina mpaka wake, na asiyeujua ataangamia akidhani amesalimika. King'ora cha moshi hutambua moshi tu. Usiku wa baridi, wako watu waliingizao chumbani jiko la makaa, liitwalo sigiri Uganda na babula kwa Wakongo, makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha, kisha wakafunga mlango na madirisha. Makaa hayo hutoa ile hewa ya sumu bila moshi wowote, na king'ora cha moshi kitanyamaza, kwa kuwa si kazi yake. Kiko kifaa kingine cha kuitambua hewa hiyo, nacho huwekwa katika nyumba nyingi za ng'ambo. Lakini dawa iliyo hakika ni moja: jiko la makaa lilale nje.

Sasa wale wa tatu, watu wa nyumba za udongo na turubali. Kwao king'ora cha moshi hakifai sana hata kama kingegawiwa bure, maana nyumba inayopikiwa kwa kuni ina moshi asubuhi na jioni, na kifaa kingelia kutwa mpaka kikatupwa. Jambo hili liligunduliwa huko Afrika Kusini baada ya moto mkubwa ulioteketeza vibanda vya Khayelitsha, mjini Cape Town, siku ya kwanza ya mwaka 2013. Vijana wa huko walitengeneza kifaa kiitwacho Lumkani, ambacho hakitazami moshi bali joto: joto likipanda kwa kasi isiyo ya kawaida, kifaa hulia. Tena vifaa vya majirani vimeunganishwa, kimoja kikilia na vya nyumba za karibu hulia. Kifaa cha namna hiyo kilijaribiwa pia Nairobi, katika mtaa wa Mukuru, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Waliokitengeneza walifahamu kwamba pale nyumba zinapogusana, moto wa mmoja si wake peke yake.

Na mahali ambapo kifaa hicho hakijafika, mlinzi ni mtu. Si jambo gumu kwa kila safu ya nyumba kuwa na kengele, au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, kipigwe moto unapozuka na kisipigwe kwa jambo jingine. Kila nyumba iwe na debe la mchanga au maji karibu na mlango. Mafuta yakiwaka sufuriani yasimwagiwe maji, yafunikwe. Tadooba na mshumaa visiwekwe karibu na neti ya mbu, wala visiachwe na mtoto. Betri za sola na simu zisichajiwe juu ya godoro watu wakilala. Na vyeti vya familia viwekwe pamoja katika mfuko mmoja mahali panapojulikana, lakini moto ukishika asirudi mtu kuvifuata. Cheti huandikwa tena. Roho haiandikwi tena.

Kwa watu wa mjini limebaki jambo la mlango. Nyumba nyingi za Mbarara zina nondo madirishani na kufuli mbili kwa kuogopa wezi. King'ora kinaweza kumwamsha mtu, lakini hakimfungulii. Mwaka 2008 wasichana wapatao 20 waliungua katika bweni la shule huko Budo. Oktoba 2022 moto uliwaua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salaama, wilayani Mukono. Na Septemba 2024 wavulana 21 walikufa bwenini huko Endarasha, nchini Kenya. Kila msiba wa namna hii unapotokea, swali huwa lile lile: walikuwa na njia ya kutokea? Basi ufunguo ukae karibu na mlango, mahali pamoja, usiku wote, na kila mtu wa nyumba apajue hata gizani. Dirisha moja la kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Ijulikane ni nani atambeba mtoto mchanga, na nani atamshika mkono bibi kizee. Pachaguliwe mahali pa kukutania nje, na watu wahesabiwe hapo. Nchini Uganda zimamoto ni idara ya polisi, nao huitwa kwa nambari 999 au 112. Ndugu aliyeko Marekani apige 911.

Ndugu Waislamu, uhai ni amana, na watoto waliolala ni amana juu ya amana. Mwenye nyumba aliyeitoa betri ili apate usingizi ameichukua haki ya wengine waliolala wakimtegemea, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta ni mmoja wao. Misikiti ina nafasi yake: imamu atakapotangaza mwandamo wa mwezi, aongeze neno moja la kukumbusha. Na vijana wenye miguu mepesi wawapandie viti wazee na wajane, wawajaribie ving'ora vyao, maana kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

Usiku huu, kabla ya kulala, taa izimwe, sigiri itolewe nje, ufunguo uwekwe mahali pake. Na jamaa wa ng'ambo akipiga simu kusalimia, baada ya kuulizwa hali, kazi na watoto, aulizwe na hili: kile kisahani cha darini, kingali kinalia kikibonyezwa? Asipojua, akate simu, akakibonyeze, kisha apige tena.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba za Waislamu na za majirani zao wote, awarehemu waliokufa kwa moto, na awaafu waliojeruhiwa. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.